Mgeni Siku Mbili: Usitozwe Zaidi kwa Kuwa Mteja wa Zamani

Wiki tatu hivi kabla mwaka wa bima haujaisha, mwenye gari nchini Uingereza hupokea barua kutoka kampuni inayomwokoa gari linapomharibikia njiani. Barua huanza kwa shukrani: umekuwa nasi kwa miaka kadhaa, tunathamini imani yako. Chini ya shukrani huja bei ya mwaka mpya, na chini ya bei huja sentensi inayobeba biashara yote: huna haja ya kufanya lolote, fedha zitakatwa kwenye kadi yako tarehe fulani na huduma itaendelea. Wengi hutii. Hawafanyi lolote, fedha hukatwa, na mwaka unaofuata barua hurudi na bei nyingine, mara nyingi ya juu zaidi. Hoja ya makala haya ni kwamba bei iliyomo ndani ya barua hiyo si deni linalodaiwa. Ni bei ya kuanzia tu, iliyopangwa kwa kukisia kwamba hutauliza, na asiyeuliza ndiye anayelipia punguzo la wengine. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kampuni hizi zimeifanya methali hiyo kuwa kanuni ya bei: mgeni hukirimiwa kwa punguzo, na akishazoeleka hukabidhiwa jembe.

Soko hili la Uingereza limetawaliwa na majina matatu. AA ina magari ya njano, RAC ina magari ya rangi ya chungwa, na zote mbili zina mafundi wao wa doria. Green Flag, kwa upande wake, hutegemea zaidi mtandao wa gereji za mitaani zinazoitwa kazini kwa niaba yake. Bidhaa yenyewe huuzwa kwa ngazi. Ya kwanza ni fundi kuja barabarani na kujaribu kuliwasha gari. Ya pili ni gari kuvutwa hadi unakokwenda, hata mbali, likishindikana. Ya tatu ni huduma ya nyumbani, na ya nne ni msaada wa safari: gari la kuazima, hoteli au nauli ya treni. Kila ngazi ina masharti ambayo mteja huyagundua akiwa amekwama. Ngazi ya kwanza, kwa mfano, kwa kawaida huanza robo maili kutoka nyumbani, yaani takriban mita 400. Betri ikifa mbele ya mlango wako asubuhi ya baridi kali, na hukununua huduma ya nyumbani, fundi hana wajibu wa kuja. Kadhalika, kuna bima inayomfuata mtu katika gari lolote atakaloendesha au kupanda, na kuna inayolifuata gari lenyewe hata likiendeshwa na mwingine. Watu wawili wanaweza kuwa na bima ya kampuni moja, yenye jina linalokaribiana, na bado wakawa wamenunua vitu viwili tofauti.

Bidhaa ya namna hii inafaa mno kwa muuzaji anayetaka kupandisha bei polepole bila kelele. Wengi huihitaji kwa nadra, hivyo hawana jinsi ya kupima mwaka hadi mwaka kama imekuwa nzuri zaidi au mbaya zaidi. Bei yake ni ndogo ikilinganishwa na bima kuu ya gari, hivyo haipewi uzito. Masharti yake hayalinganishwi kwa urahisi kati ya kampuni moja na nyingine. Juu ya yote kuna hofu: hakuna anayetaka kujikuta kando ya barabara kuu usiku wa mvua, watoto wamelala kiti cha nyuma, halafu akumbuke kwamba aliikatisha bima ili kuokoa pauni kadhaa. Hofu hiyo ni ya haki, na huduma yenyewe ina thamani ya kweli, hasa kwa gari kuukuu au kwa mtu anayeendesha masafa marefu. Hata hivyo, hofu ya kukosa huduma ni jambo moja, na kukubali bei yoyote ya huduma hiyo ni jambo jingine. Barua ya kuhuisha huyachanganya mambo haya mawili kwa makusudi.

Tuchukue mfano wa hesabu tu, ili tuone jinsi mambo yanavyokwenda. Mteja mpya anaingia kwa pauni 60. Tuseme kila mwaka bei inapanda kwa asilimia 15. Mwaka wa pili atalipa 69, wa tatu takriban 79, wa nne 91, na wa tano karibu 105. Hakuna mwaka hata mmoja ambao ongezeko linazidi pauni 14, na pauni 14 hazimfanyi mtu ashike simu. Lakini kwa miaka mitano amelipa takriban pauni 404, wakati mtu ambaye kila mwaka aliipata bei ya kuanzia amelipa 300. Tena kufikia mwaka wa tano, bei yake inakaribia mara mbili ya ile anayouziwa jirani aliyejiunga jana, kwa huduma ile ile na fundi yule yule. Mbinu yenyewe ndiyo hiyo. Bei ya mwaka wa kwanza hushushwa, pengine hadi isiyoleta faida, ili kumvuta mteja. Faida hutafutwa katika miaka inayofuata, kwa wale ambao rekodi zinaonesha kwamba hawahami. Kwa hiyo kukaa kwako kimya ni taarifa ambayo kampuni huihifadhi na kuipangia bei.

Yupo atakayesema kwamba hizi ni dhana za mtu anayezichukia kampuni. Ushahidi hautoki kwa wenye chuki. Septemba 2018 shirika la ushauri kwa raia, Citizens Advice, lilipeleka malalamiko rasmi kwa mamlaka ya ushindani ya Uingereza, CMA, kuhusu adhabu ya uaminifu, yaani kumtoza mteja wa zamani zaidi ya mgeni, katika masoko matano: simu za mkononi, intaneti ya nyumbani, bima ya nyumba, mikopo ya nyumba na akaunti za akiba. Lilikadiria kwamba wateja wa muda mrefu walikuwa wakilipa zaidi kwa jumla ya takriban pauni bilioni 4 kwa mwaka. Desemba mwaka huo mamlaka ilijibu kwamba tatizo lipo na linahitaji kushughulikiwa. Msimamizi wa huduma za fedha, FCA, akaichunguza bima ya nyumba na ya gari. Ripoti yake ya mwisho ya 2020 ilionesha kwamba mwaka 2018 watu wapatao milioni 6 walikuwa wakitozwa bei ya juu au ya juu sana, na kwamba wangetozwa bei ya wastani kulingana na hatari yao wangeokoa pauni bilioni 1.2 kwa mwaka. Kuanzia tarehe 1 Januari 2022, FCA ilipiga marufuku kampuni kumtoza anayehuisha bima ya gari au ya nyumba bei inayozidi ile ambayo angetozwa kama mteja mpya aliyepitia njia ile ile ya ununuzi.

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Wamesikia kwamba adhabu ya uaminifu ilikomeshwa, wakadhani imekomeshwa kila mahali. Haikukomeshwa. Kanuni ile ya bei inahusu bima ya nyumba na ya gari pamoja na viambatisho vyake. Ukiichukua huduma ya kuharibikiwa njiani kama kiambatisho ndani ya bima yako ya gari, unalindwa. Ukiinunua peke yake moja kwa moja kwa kampuni ya uokoaji, kama wafanyavyo wengi, kanuni hiyo haikufikii, na kampuni inaweza kumtoza mteja wa miaka kumi zaidi ya mgeni. Kwa maneno mengine, mtu mmoja anaweza kupokea barua mbili katika mwezi mmoja kuhusu gari lile lile: moja ina bei iliyodhibitiwa, nyingine haina. Anayezisoma zote mbili kwa imani ile ile atapunjwa na ile ya pili.

Hata hivyo, watu hawabaki kwa uvivu tu. Kuna historia inayoufanya uaminifu huu uonekane ni jambo la asili. AA ilianzishwa mwaka 1905 na wenye magari waliotaka kuonyana kuhusu mitego ya polisi ya mwendo kasi. RAC ni ya zamani zaidi, chimbuko lake ni klabu ya mwaka 1897. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 hivi vilikuwa vyama vya wanachama: fedha ulizolipa zilikwenda kwenye chama chako, na kubaki kwako kulikijenga. Mambo yaligeuka mwaka 1999. AA iliuzwa kwa kampuni ya Centrica kwa takriban pauni bilioni 1.1, na mwaka huo huo huduma za barabarani za RAC nazo zikauzwa kwa kampuni ya Lex. Tangu hapo zimepita mikononi mwa wawekezaji mmoja baada ya mwingine. AA iliingizwa kwenye soko la hisa la London mwaka 2014 ikiwa na mzigo mkubwa wa madeni, na mwaka 2021 ikanunuliwa tena na kuondolewa sokoni na wawekezaji binafsi. Hakuna dhambi katika hilo. Kampuni ina haki ya kutafuta faida, na mwekezaji ana haki ya kudai mapato ya mtaji wake. Lakini mteja naye ana haki ya kujua kwamba utii aliourithi kwa baba yake ulikuwa wa zama ambazo baba alikuwa mwenye chama. Yeye leo ni mnunuzi, na mnunuzi huuliza bei.

Pingamizi la kwanza la maana ni kwamba gharama zimepanda kweli. Mishahara ya mafundi imepanda, mafuta, vipuri na magari ya kuvutia yamepanda, na magari ya siku hizi yana umeme na kompyuta nyingi kiasi kwamba kuyatengeneza kando ya barabara kumekuwa kugumu. Kodi ya bima nayo iko asilimia 12 tangu Juni 2017. Yote haya ni kweli, na mteja anayetaka bei ya mwaka 2015 hajitendei haki wala haitendei haki kampuni. Lakini gharama hizo haziulizi mteja ana miaka mingapi. Fundi anayekuja kumsaidia mteja mpya hulipwa mshahara ule ule, huchoma mafuta yale yale, na kodi ni ile ile. Kwa hiyo kipimo cha haki si bei ya mwaka jana, wala si kiwango cha mfumuko wa bei. Kipimo ni bei ambayo kampuni hiyo hiyo inamuuzia mgeni leo kwa kifurushi hicho hicho. Kama mgeni anauziwa 60 na wewe unatakiwa ulipe 91, tofauti ile ya pauni 31 haikuletwa na mafuta wala kompyuta za magari. Imeletwa na matarajio kwamba utanyamaza. Kipimo hiki kina faida nyingine: humwokoa mteja na ubishi. Huna haja ya kujua gharama za kampuni; kampuni yenyewe imeshaitangaza bei inayokubali kuuzia.

Pingamizi la pili linahusu usalama: ukihama kwa ajili ya bei, huenda ukaangukia kwa kampuni ya bei chee itakayokuacha barabarani kwa saa nne. Tahadhari hii ni ya kweli na isipuuzwe. Bima za bei ya chini kabisa mara nyingi huwa na kikomo cha umbali wa kuvutwa, au cha idadi ya wito kwa mwaka, au hukutaka umlipe mwenye gari la breki dauni kwa fedha zako kisha udai urudishiwe. Kwa asiye na pauni mia kadhaa mfukoni usiku wa Jumapili, bima ya namna hiyo haimsaidii. Lakini pingamizi hili linapinga kuhama kiholela, halipingi kuuliza. Si lazima uhame ili unufaike. Kwa wengi, njia bora ni kubaki na kampuni ile ile waliyoizoea, kwa bei ya mgeni. Kujua kwamba unaweza kuhama, na kampuni kujua kwamba umeshaangalia, ndiko kunakoishusha bei. Na kama kampuni yako inatoa zawadi kwa wateja wa muda mrefu, zihesabu kwa fedha: ukaguzi wa betri ambao hujawahi kuutumia thamani yake kwako ni sifuri, hata ikiandikwa kwa herufi za dhahabu.

Wengine watasema ni fedha kidogo, haifai kupoteza muda wala kujishusha kubishana na mtu wa simu kwa pauni 30. Kuhusu muda, simu moja ya dakika 20 inayoleta pauni 30 inalipa kuliko saa moja ya kazi nyingi za mshahara, na fedha hiyo haikatwi kodi. Kuhusu heshima, kinachoshangaza ni kwamba hoja hii hutolewa hata na watu waliokulia Kariakoo au Marikiti, ambao hawawezi kununua jozi ya viatu bila kuuliza bei ya mwisho. Hawaoni aibu mbele ya muuzaji wanayemtazama usoni, lakini huiona mbele ya karatasi iliyochapwa na mashine. Bei ikichapwa kwenye karatasi yenye nembo tunaichukulia kama tangazo la serikali. Aliyeipanga, hata hivyo, ameacha nafasi ya kushuka, na ameajiri watu maalumu wa kushuka nayo pale mteja anapotaka kuondoka.

Pingamizi zito kuliko yote ni la kimaadili. Kama kila mjanja akipiga simu na kushushiwa, nani atalipia? Watalipa wasiopiga: wazee, wagonjwa, watu wasiojiamini kwa Kiingereza, waliofiwa na mwenza aliyekuwa akishughulikia karatasi za nyumbani. Citizens Advice ilionesha katika malalamiko yake kwamba adhabu ya uaminifu huwaelemea zaidi watu dhaifu. Ni kweli pia kwamba kanuni ya 2022 ilipoanza, ilitarajiwa wazi kwamba bei za wageni zingepanda kiasi, kwa kuwa punguzo lao lilikuwa likilipiwa na wakongwe. Kwa hiyo tiba ya kudumu ni sheria, na kuitaka FCA iifikishe kanuni ile kwenye huduma ya kuharibikiwa njiani ni dai la haki. Lakini wewe kuendelea kulipa zaidi hakumsaidii bibi wa jirani hata senti moja. Kunaiongezea kampuni tu sababu ya kuendelea. Linalomsaidia bibi ni wewe, ukishamaliza simu yako, kumgongea mlango na kumwomba mwisome barua yake pamoja. Katika familia zetu za ughaibuni kila ukoo una mtu mmoja anayejaza fomu za wengine. Mtu huyo aiongeze barua hii kwenye orodha yake.

Sasa tuje kwenye utekelezaji, na kazi ya kwanza hufanyika kabla ya kushika simu. Uliza kwanza kama unailipia huduma hii mara mbili. Baadhi ya akaunti za benki zenye ada ya mwezi huja na huduma ya kuharibikiwa njiani ndani yake. Magari mengi mapya huuzwa yakiwa nayo kwa mwaka wa kwanza au zaidi, na watengenezaji kadhaa huihuisha kila unapolifanyia gari sevisi kwao. Pengine pia uliiweka tiki siku ulipokata bima ya gari, ukasahau. Toa karatasi za benki, bima ya gari na kitabu cha gari, uziweke mezani pamoja. Ukiona una huduma hii mara mbili, ulinganishe masharti kwanza, kisha ukatishe ile dhaifu. Halafu uliza ni ngazi ipi unayoihitaji. Anayeendesha kwenda kazini maili nne na kurudi hana haja kubwa ya hoteli na nauli ya treni, lakini huenda huduma ya nyumbani ikamfaa sana, kwa sababu betri nyingi hufia pale gari lilipolala. Anayepanda kila mwezi kutoka London hadi Glasgow kwenye msiba au harusi, yeye asiache kuvutwa kwa masafa marefu. Kwenye nyumba yenye gari moja na madereva watatu, bima inayolifuata gari inaweza kutosha. Kwa dereva mmoja anayeazima magari ya wengine, bora ile inayomfuata mtu.

Kisha tafuta bei tatu na uziandike. Ya kwanza ni ya mwaka jana. Tangu Aprili 2017 kanuni za FCA zinataka barua za kuhuisha bima za wateja wa kawaida zioneshe ada ya mwaka uliopita karibu na ya mwaka mpya. Kama huioni, iangalie kwenye taarifa ya benki. Usiidharau hatua hii. Kabla ya kanuni hiyo, FCA ilifanya jaribio kwenye bima ya nyumba, na kuandika tu bei ya zamani kando ya bei mpya kuliwafanya kati ya asilimia 11 na 18 zaidi ya wateja wahame au wajadiliane bei. Bei ya pili ni ya mgeni kwenye kampuni yako mwenyewe: ingia kwenye tovuti yao bila kufungua akaunti yako, jaza taarifa za gari lile lile, chagua ngazi zile zile, na uipige picha bei inayotokea. Ya tatu ni ya mshindani mwenye masharti yanayolingana. Tovuti za kulinganisha bei husaidia, lakini zisiwe mwisho wa utafutaji, kwa kuwa si kila kampuni imo humo na si kila ofa huoneshwa.

Piga simu wiki mbili hivi kabla ya tarehe ya kukatwa fedha, ukiwa na karatasi yako mbele. Mhudumu wa kwanza mara nyingi hana mamlaka ya kushusha sana. Sema kwa upole kwamba hutaki bima ijihuishe yenyewe na unafikiria kuondoka. Utapelekwa kwenye kitengo kinachoshughulika na wanaotaka kuhama. Huko utaulizwa sababu. Jibu kwa namba, si kwa hasira: “Mwaka jana nililipa 69. Mwaka huu mnataka 79. Mgeni mnamuuzia kifurushi hiki hiki kwa 60 kwenye tovuti yenu leo asubuhi. Naomba hiyo.” Kisha nyamaza. Ukimya huo ni mgumu, na wengi huuvunja wenyewe kwa kujieleza, usijieleze. Ofa ya kwanza huenda ikawa ni punguzo dogo, kama 74. Ofa ya pili huenda isiguse bei kabisa bali iongeze huduma: tutakupa ya nyumbani bure. Kama ulikuwa unaihitaji, ina thamani. Kama hukuihitaji, rudi kwenye bei. Wakikataa, sema asante, omba wakatishe uhuishaji, ukate simu. Usimtukane mhudumu, kwa sababu si yeye aliyeipanga bei, na ndiye mwenye uwezo wa kukusaidia.

Wakikubali, usikate simu kabla ya kuuliza mambo matatu: bei hiyo ni ya mwaka mzima au ya miezi michache, ngazi zote ulizokuwa nazo zimebaki, na ukilipa kidogo kidogo kwa mwezi jumla inakuwa ngapi. Omba uthibitisho wa maandishi na uusome siku ile ile. Kama umeamua kuhama, hakikisha bima mpya inaanza kabla ya ya zamani kwisha, kwa maana kampuni nyingi huweka muda wa kusubiri wa saa 24 hivi kabla ya kukubali wito wa kwanza, na hazigusi gari lililokwisha kuharibika. Usisahau kuzima uhuishaji wa zamani na kuangalia kwenye taarifa ya benki kwamba umezimika kweli. Na kama barua ilikupita na fedha zimeshakatwa, usikate tamaa: kwa kawaida kuna siku 14 za kubadili nia, alimradi hujaitumia huduma. Hata zikipita, bado piga simu. Kampuni nyingi huona afadhali zirudishe pauni chache kuliko kumpoteza mteja.

Somo hili haliishii Uingereza. AA Kenya, ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1919, nayo huuza uanachama wenye huduma ya uokoaji barabarani, na kampuni za bima za Nairobi na Dar es Salaam huiambatisha huduma ya kuvuta gari kwenye bima kubwa. Popote ambapo malipo hujirudia kila mwaka bila mtu kuulizwa, swali ni lile lile: mteja anayeingia leo anatozwa ngapi?

Kwa hiyo, ndugu msomaji, itafute leo tarehe ya kuhuisha bima yako na uiandike kwenye simu, wiki mbili kabla. Siku hiyo ikifika, tafuta bei ya mgeni na uidai. Ukipewa, baki. Ukinyimwa, hama bila kinyongo. Kampuni isiyokuwekea bei ya haki mpaka utishie kuondoka haina haki ya kukulaumu ukiondoka.